Kona Aliyoifuta Deo

Hyattsville, Maryland
Jumapili jioni

Dada yangu Agnesi,

Shikamoo dada. Kabla sijasema lililonikalisha mezani, niambie kwanza habari zako. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Mgeta? Ile njia ya kupanda shambani imepitika baada ya mvua, au bado mnabeba karoti kichwani mpaka barabarani? Na shemeji kifua chake? Mwambie aache ubishi anywe dawa aliyopewa na masista, asichanganye na mizizi yake.

Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini ni ule ule unaoujua, haujaleta mwenzake. Deo naye mwili wake ni mzima. Nataka uanze na hilo ili moyo wako ukae mahali pake, maana yanayofuata si mazuri.

Barua hii anaileta mama mmoja tunayesali naye, anakuja Morogoro kumuuguza mama yake. Ningepiga simu, lakini kwenye simu mimi ningefoka, wewe ungelia, mtandao ungekatika katikati, nawe ungebaki na nusu ya habari, tena nusu iliyo mbaya. Kwenye karatasi hata nikifoka utasoma mpaka mwisho.

Dada, nina hasira na mtoto wako. Nasema wako kwa sababu ya hasira, najua kwa desturi ni wangu. Siku anaondoka ulimwambia kwenye simu nikisikia: "Kuanzia leo baba yako na mama yako ni mjomba." Nikamlaza kwenye kochi langu miaka yote ya masomo yake kule Fairfax. Sikulalamika wala silalamiki leo. Lakini sikumlaza kwenye kochi langu ili akitoka hapo amkanyage mtu aliyemshika mkono.

Mtu mwenyewe ni Safari. Nimekutajia jina lake mara nyingi, ni yule Mkongo wa Uvira tunayefanya naye kazi. Pale karakana yetu Beltsville tunatengeneza vyuma vya kubebea mabomba. Safari ndiye fundi wa kuchomelea. Mimi nakuja nyuma yake, nasaga kwa grinda na kupiga msasa mpaka mshono uwe laini, halafu napakia kwenye lori. Nilipofika hapa nilikuwa sijui kushika hata kinyago cha kuchomelea, yeye ndiye aliyenionyesha. Gari langu lilipokufa alianza kunipitia asubuhi na kunirudisha jioni. Kila siku tunapita kwenye uzio wa yale mashamba ya utafiti ya serikali, na kila siku anasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Angalia ng'ombe ya serikali, inakula kwa kupimiwa. Kobelo, we nani anakupimia?" Utani ni huo huo kila asubuhi, na tunacheka kila asubuhi.

Deo alipomaliza chuo akakaa bila kazi, ni Safari aliyekwenda na mimi ofisini kwa bosi. Mimi Kiingereza changu kinaishia getini. Safari akasema kwa Kiingereza, nami nakuandikia kama anavyosema Kiswahili chake, "Huyu kijana ni mutoto ya kwetu. Ni injinia. Umujaribu." Akamwazima koti lake la kanisani siku ya mahojiano, mikono ikampwaya Deo kama joho la padri. Bosi akampa kazi, na kibali chake cha kukaa nchini kikafungwa kwenye jina la karakana hiyo. Hilo la kibali lishike, nitalirudia.

Sasa nikueleze kazi ya Deo, maana bila hiyo hutaelewa kosa lake. Nami nimeielewa kwa sababu alinieleza mwenyewe pale jikoni, mwanzoni mwa mwaka, alipokuwa bado anapenda kunieleza mambo.

Zamani fundi alitengeneza chuma, akakipakia mzigo, akaona kama kinavunjika. Siku hizi wanakivunja kwanza ndani ya kompyuta. Deo anachora chuma, lakini kompyuta haiwezi kukitazama chuma chote kwa mara moja ikajua kitaumia wapi. Kwa hiyo anakigawa chuma kile kwenye vipande vidogo vidogo vya pembe tatu, vimeshikana kwa ncha zao, chuma kizima kinaonekana kama kimefunikwa wavu. Wao wanauita meshi. Halafu anaweka uzito wa bomba juu yake. Kila kipande kinavutwa na jirani yake, na kompyuta inapiga hesabu za kila kimoja. Panapoumia sana panakuwa pekundu, pasipoumia panabaki buluu.

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini usiweke vipande vidogo sana kila mahali, upate hesabu safi?"

"Mjomba, nikifanya hivyo kompyuta itakokotoa mpaka wiki ijayo na bosi atakuwa amenifukuza. Unakumbuka bibi alivyokuwa anasuka tenga?"

"Nakumbuka."

"Alibana wapi?"

"Kitako na mapindo. Ubavuni alilegeza."

"Ndiyo hivyo hivyo. Kwenye kona na matundu nabana, vipande viwe vidogo. Kwenye uwanja mpana nalegeza. Ufundi wote ni kujua wapi."

Dada, siku hiyo nilijisikia vizuri kiasi kwamba nilimpa kipande changu cha kuku. Nilijiona nami nimesoma.

Baadaye ikaja kazi kubwa. Kule Sterling wanajenga majumba makubwa yasiyo na madirisha, ndani ni kompyuta tupu, na kompyuta zikipata joto zinapozwa kwa maji, na maji yanapita kwenye mabomba mazito juu ya vichwa vya watu. Sisi tukapewa kutengeneza mikono ya chuma ya kuyabeba. Tunaiita breketi. Si breketi ya kawaida. Imekunjwa huku na huku, ina matundu ya bolti, na kwenye kona moja ya ndani ina pengo dogo, kama la jino lililong'oka, ili mkanda wa kufungia bomba upite. Safari anachomelea jirani kabisa na pengo hilo.

Basi bosi akataka jibu la kompyuta kabla ya Ijumaa. Bosi wetu ni mzungu mrefu asiyekaa chini, anazungumza akitembea. Ilikuwa kila akipita kwenye meza ya Deo anauliza, "Imekuwa buluu?" Ukitaka kujua hasira yangu inaelekea wapi, sehemu yake inakwenda huko. Mtu anayeuliza kama imekuwa buluu hakuulizi ukweli, anaagiza rangi.

Breketi ikafanywa, nyingi tu. Safari akachomelea, mimi nikasaga, lori likaenda Sterling. Deo akapongezwa mbele ya watu. Nadhani alikutumia picha ile akiwa ameshika kikombe.

Jumatano iliyopita, kule Sterling walikuwa wanajaza maji kwenye mabomba kwa mara ya kwanza. Breketi moja ikapasuka, bomba likaning'inia, kisha likaanguka juu ya ngazi ambayo mtu alikuwa ameshuka kwenda kula. Hakuna aliyeumia. Ile ngazi nimeiona kwenye picha, imekunjwa kama kiberiti kilichokanyagwa.

Alhamisi asubuhi bosi akatukusanya uwanjani, ameshika breketi iliyopasuka. Ufa ulianzia kwenye pengo, jirani na mshono wa Safari. Bosi akasema chuma kimechomwa kupita kiasi, moto umekidhoofisha. Safari akasema, "Hapana. Miye najua moto yangu. Hii chuma sikuiunguza." Bosi akageuka kwa Deo, akamuuliza kompyuta ilisemaje.

Deo akatazama viatu vyake. Akasema, "Ilipita. Yote ilikuwa buluu."

Bosi akamwambia Safari aende nyumbani, arudi Jumatatu kuchukua vifaa vyake na kumaliza mambo ya ofisi. Yaani kufukuzwa. Mtu amechomelea chuma miaka yote, tangu Uvira, tangu kambini Kigoma alikokaa na wanawe kabla ya kuja huku, anaondolewa mbele ya watu kwa sababu ya mkono mbaya. Na akiondoka hapo na sifa hiyo, karakana nyingine zitapiga simu kuuliza, na zitajibiwa. Alipokuwa anavua aproni aliniambia, "Leo mutapanda basi, ndugu yangu. Nisamehe." Ananiomba msamaha kwa sababu hatatupa lifti.

Jioni ile Deo hakula. Nikamwambia kula, akasema hana njaa. Nikafikiri anamhurumia Safari kama mimi. Nikasema, "Lakini Safari haunguzi chuma, mimi ndiye ninayesaga nyuma yake. Hebu iulize tena hiyo kompyuta yako."

Akasukuma sahani kando. Halafu akasema, "Mjomba, ile kona niliifuta."

"Umeifuta wapi?"

"Kwenye kompyuta. Lile pengo. Umbo la breketi lilikuwa gumu, kila nikijaribu kuweka wavu, pale kwenye pengo vipande vinatoka vyembamba kama sindano, programu inakataa, inaanza upya. Bosi anapita anauliza. Nikasema nilifute pengo kwanza, niweke kona iliyojaa, nipate jibu la Ijumaa, halafu nilirudishe nipime vizuri wiki inayofuata. Mambo madogo huwa yanafutwa, mjomba, ni kawaida, tunafundishwa. Tundu lisilobeba kitu unalifuta."

"Na hili linabeba?"

"Hili linabeba kila kitu."

"Na wiki iliyofuata?"

"Wiki iliyofuata walikuwa wameshanipongeza."

Dada, nilisimama. Kiti kikaanguka. Sijawahi kumpiga mtoto wako na sikumpiga, lakini nilitoka nje nikazunguka jengo lote ndipo nikarudi. Nikamuuliza yale ninayojua hata wewe ungeuliza. Kwa nini asubuhi hukusema. Akasema akisema atafukuzwa, na akifukuzwa kibali kinakufa, na asipopata karakana nyingine ya kumchukua upesi atarudi Mgeta.

Nikasema, "Mgeta kuna nini? Mama yako yuko Mgeta."

Akasema, "Safari atapata kazi nyingine. Mafundi wa kuchomelea wanatafutwa kila mahali."

Hapo ndipo hasira ilipokaa mahali ilipo mpaka sasa. Kwa kukosea hesabu sikasiriki sana. Mtu anakosea. Mimi nimewahi kusaga chuma nikakitoboa. Lakini alikuwa ameshampigia Safari mahesabu, ameshamtafutia pa kwenda, ili yeye abaki. Na kule Sterling, dada, breketi nyingine zote bado zinaning'inia. Bosi ameagiza zikachomelewe upya na fundi mwingine. Zitachomelewa, na kona itabaki ile ile, na chini yake watapita watu. Nikamwambia hilo. Akasema analijua. Hiyo "analijua" ndiyo iliyoniumiza. Laiti angekuwa mjinga kama mimi.

Nikamwambia kesho aende kwa bosi. Ijumaa tukapanda basi. Aliingia ofisini mara mbili, mimi nikimwona kupitia kioo, akatoka kama alivyoingia, hajasema. Akaniambia bosi alikuwa na wageni. Jioni kwenye basi nikamwambia kwamba kwetu mtu akikosa hivi, mjomba wake angeshakwenda kubisha hodi kwa aliyekosewa. Akanijibu bila kunitazama, "Mjomba, hapa ni Marekani. Hakuna mambo ya mjomba."

Nikasema, "Vizuri. Basi nirudishie kochi."

Hakucheka. Nami sikuwa natania.

Leo baada ya misa nimefanya kama marehemu mjomba wetu angefanya. Nimemwambia Deo avae shati safi, tumekwenda kwa Safari kule Riverdale. Tumebisha hodi. Mama Furaha, mke wa Safari, akafungua na mikono ina unga, akafurahi kama vile tumekuja kula sikukuu. Akatuletea viti, akaleta fufu na sombe, ugali na kisamvu cha kwao. Watoto wao walikuwa wanaangalia televisheni. Safari anawasemesha kwa Kiswahili, wao wanamjibu kwa Kiingereza, hakuna anayeona ajabu.

Nikakataa kula kwanza. Nikasimama, nikasema kama inavyosemwa kwetu, kwamba mtoto wangu amekosa, na kosa la mtoto wa dada yangu ni kosa langu, nimekuja kulibeba mlangoni kwake. Nikaeleza yote, wavu, pengo, buluu. Deo amekaa ameinamisha kichwa. Nilisema vizuri, dada, hata mwenyewe nilijisikia ninasema vizuri. Nilimaliza nikakaa.

Mama Furaha akawaambia watoto wapunguze sauti, wakapunguza.

Halafu Safari akasema, pole pole, "Ndugu Kobelo. Umenikuta ku nyumba yangu. Nimekupa kiti, bibi yangu amekupa chakula. Lakini angalia hapa ndani. Patroni iko wapi?"

Nikasema bosi hayupo.

"Haiko hapa. Basi haya maneno umemuletea nani? Hapa hakuna mutu anasema nilichoma mubaya. Bibi yangu anajua. Batoto banajua. Kule ndiyo wanasema. Miye nilivuliwa aproni ku uwanja, mbele ya watu, we unanirudishia jina ku saluni." Saluni kwao ni sebule.

Nikasema, kwetu mjomba ndiye anayejibu.

"Mjomba ndiye alichora breketi?"

Safari akamgeukia Deo, akasema neno moja tu, "Na ile koti, ilikutosha?" Deo akaanza kulia. Safari akainuka akaingia chumbani akafunga mlango. Mama Furaha akatufungia chakula kwenye foili, kwa sababu hawezi kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu hata akiwa amekuja kumwambia hayo.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nichukue kalamu. Tulipofika nje Deo alifuta uso, akashusha pumzi, akasema, "Angalau tumemaliza, mjomba."

Tumemaliza. Alikuwa amepumua, dada. Nikamwona mabega yameshuka. Mimi nilikwenda pale nikidhani ninamfundisha, kumbe nimemtoa jasho kidogo sebuleni kwa mtu kisha nimemkinga na kesho. Amekaa ameinama, mjomba amesema, mjomba amebeba, yeye amepona. Hasira niliyokuwa nayo kwake ikanirudia mwenyewe, na hainitoki. Desturi yetu nzuri nimeitumia kama shuka la kumfunika.

Nikamwambia palepale kwenye ngazi: "Mimi nimemaliza kukusemea. Kesho Safari anakuja kuchukua vifaa. Kabla hajabeba hata koleo moja, utakuwa umesema, tena kwa mdomo wako. Usiposema, nitasema mimi kwa Kiingereza changu cha getini, na bosi ataelewa hivyo hivyo."

"Na kibali changu?"

"Kibali ni karatasi. Wewe unarudi kwa mama yako. Yule aliye chini ya bomba atarudi kwa nani?"

Akashuka ngazi akatangulia. Yuko chumbani kwangu sasa ninavyoandika, namsikia anabofya kompyuta. Nimeacha nafasi chini ya ukurasa huu. Yule mama anasafiri Jumanne. Kesho nitakuandikia kilichotokea, hata kikiwa cha aibu.

Jumatatu, saa ya chakula cha jioni.

Nimerudi, dada. Nimekaa kabla hata ya kuvua viatu.

Asubuhi tulifika, Safari alikuwa ameshaingia, anakusanya vitu vyake kwenye sanduku la bati. Hakunisalimu. Mimi nikawasha grinda bila kuwa na chuma cha kusaga, nikasimama pale ambapo ofisi inaonekana. Deo akaenda mlangoni. Akasimama. Nikafikiri atageuka. Akaingia.

Sikusikia maneno. Niliona mikono yake. Alichora breketi hewani, kisha akaweka kidole kwenye kona, akakiacha hapo hapo muda mrefu. Na yule bosi asiyekaa chini akakaa chini. Alipoinuka alichukua simu, na baadaye nikajua alipiga Sterling kuwaambia mtu yeyote asipite chini ya mabomba yale, wayatoe maji, breketi zote zishushwe.

Basi bosi akatoka, akamwendea Safari, akamwambia avae aproni, kazi ipo. Hivyo tu, kama anamwambia mvua imekatika. Safari akauliza, "Na jina yangu?" kwa Kiswahili, najua alifanya makusudi. Bosi hakuelewa, wala hakuuliza, akawa anaondoka.

Ni Deo aliyesimama uwanjani, pale pale bosi aliposimama Alhamisi. Akasema kwa Kiingereza, halafu akamgeukia Safari akasema kwa Kiswahili: "Mzee Safari alichomelea vizuri. Kona ile niliifuta mimi kwenye kompyuta ili kazi iishe upesi, na Alhamisi nilijua nikanyamaza." Mwenzetu mmoja wa El Salvador akawatafsiria wenzake. Kwa hiyo imesemwa kwa lugha tatu, hakuna wa kusema hakusikia.

Usidhani palipigwa makofi. Watu walirudi kazini. Bosi alikuwa mlangoni, uso mwekundu vile kona ile ingekuwa kwenye kompyuta kama ingepimwa vizuri, kwa sababu Deo alisema "ili kazi iishe upesi" na kila mtu pale anajua nani alikuwa anaharakisha. Hakuna aliyemuuliza yeye. Hatakuja kuulizwa. Hilo nalo limenikaa kooni.

Deo alirudishwa kwenye meza yake kupima upya. Ameliweka pengo, ameubana wavu pale, programu imekataa mara nyingi kama ilivyokataa mwanzo, lakini safari hii amekaa nayo hata chai hakunywa. Jioni ilikuwa bado inakokotoa. Ameambiwa wiki ikiisha atajua kama anabaki au hapana. Anavyoona yeye, habaki.

Tulipotoka, Safari alikuwa kwenye gari lake. Tukasogea kama kawaida. Akatutazama, akawasha, akaondoka.

Deo akauliza, "Ametuacha?"

Nikasema, "Ametuacha."

Tukaenda kituoni tukasubiri basi. Sikumtetea Safari wala sikumlaumu. Ana haki ya kukasirika kama mimi, tena zaidi, na yake haina tarehe ya kwisha. Tulipita kwenye ule uzio, ng'ombe wapo wanakula, hakuna wa kuuliza nani anatupimia.

Kwa hiyo dada, ninalokuomba ni hili. Akirudi, mpokee. Usimuulize mlangoni amekuja na nini. Watu wa kanisani wakiuliza, sema mtoto amerudi nyumbani, basi. Usiwaambie alifukuzwa na wala usiwaambie alishinda, maana yote mawili si kweli. Mimi bado nina hasira naye na nitaendelea kuwa nayo, lakini kochi halijahama.

Nisalimie shemeji, na dawa yake. Nisalimie mama mdogo kule bondeni, mwambie kitenge chake nimekikumbuka. Nisalimie wadogo zake Deo wote, hasa yule wa mwisho anayetaka uinjinia, mwambie asome. Katekista wetu mpe shikamoo yangu. Na kaburi la mama nipalilie upande wa juu, maji yanapoingilia.

Ni mimi mdogo wako, niliyechoka lakini nipo,

Kobelo

Nyongeza. Nimefunga barua, Deo akaja akasimama nyuma ya kiti. Akauliza, "Umemwambia mama?" Nikasema nimemwambia. "Yote?" Nikasema yote. Akaisoma yote, akaomba kalamu. Hapa chini ni mwandiko wake, sikumwambia aandike nini.

Mama, shikamoo. Ni kweli kama mjomba alivyoandika. Lakini ameandika kwamba Alhamisi nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimemtazama Safari kwanza, naye alikuwa ananitazama, akisubiri nimsemee. Hilo mjomba hakuliona. Nimeona ulijue kutoka kwangu.
Deo